Gego la Mwisho: Kuziba au Kung'oa?

Watu husema kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Neno hili limetembea sana, mijini na mashambani, hata limekuwa kama amri. Na mtu akionekana ameshika shavu kwa maumivu, jirani wa kwanza atakayekutana naye humwambia neno hilo kabla hata ya kumpa pole. Lakini kuna methali nyingine, isemayo kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Maana yake, ukikwisha kupoteza kilicho chako, cha kubandika hakitakuwa sawa nacho. Maneno haya mawili yanagombana, na kila moja lina kweli yake. Habari ya karani mmoja wa serikali katika mji wa Nairobi, aliyekaa kati ya maneno hayo kwa muda wa majuma matano katika mwaka 2023, yafaa kusimuliwa, kwa kuwa jambo lililompata laweza kumpata mtu yeyote.

Karani huyu alikuwa mtu wa miaka 36, mwenye mke na watoto watatu. Alikaa Kangemi, upande wa magharibi wa mji, na kazi yake ilikuwa katika ofisi iliyo karibu na Harambee Avenue. Kila asubuhi alipanda matatu katika barabara ya Waiyaki, akapita Westlands na Museum Hill, akashuka mjini kabla ya saa mbili. Jumamosi moja, alipokuwa akila githeri nyumbani kwake, alitafuna kijiwe kilichojificha katika maharagwe. Akasikia mlio ndani ya kichwa, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Alipopitisha ulimi nyuma kabisa, upande wa kulia wa taya la chini, akakuta kona ya gego la mwisho haipo, na mahali pake pana shimo lenye ukingo mkali.

Kijiwe kililaumiwa sana siku ile, na mchaguaji wa maharagwe naye akapata sehemu yake ya lawama. Lakini kwa kweli kijiwe hakikuwa na kosa kubwa. Jino lile lilikuwa limeliwa kwa ndani muda mrefu, likabaki gamba tu, kama boriti iliyoliwa na mchwa. Boriti ya namna hiyo husimama ikaonekana nzima mpaka siku mtu atakapoiegemea.

Gego hilo la nyuma kabisa huitwa jino la hekima, au gego la akili, kwa kuwa hutoka mtu akiwa amekwisha kukua, mara nyingi kati ya miaka 17 na 25. Mtu mzima ambaye meno yake yote yametimia ana meno 32, na manne ya mwisho, moja katika kila pembe ya kinywa, ndiyo hayo. Wataalamu hueleza kwamba mataya ya wanadamu yamepungua ukubwa katika muda wa maelfu mengi ya miaka, kwa sababu ya chakula kilichopikwa na kusagwa kisichohitaji kutafunwa kwa nguvu. Lakini meno hayakupungua kwa kiasi kile kile. Basi gego la mwisho ni kama mgeni afikaye usiku na kukuta vitanda vyote vimekwisha kujaa. Mara nyingine hulala ubavu, mara nyingine hukwama nusu ndani ya ufizi, na mara nyingine humsukuma mwenzake aliye mbele. Kwa sababu hiyo jina lake limeharibika, na watu wengi huliona kuwa jino la taabu lisilo na faida.

Katika juma la kwanza karani alijitibu mwenyewe. Alinunua karafuu akawa akizitafuna polepole upande ule, na kwa kweli zilimtuliza, kwa maana mafuta ya karafuu yana nguvu ya kutia ganzi kidogo, na madaktari wa meno nao huyatumia katika dawa zao. Alipokunywa maji baridi, au chai yenye sukari nyingi, jino lilimchoma kama sindano, kisha likanyamaza. Rafiki mmoja alimshauri aweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, lakini hakukubali, na alifanya vema. Kidonge hicho kimetengenezwa ili kimezwe, na kikikaa juu ya ufizi huuchoma na kuacha kidonda, na mtu akabaki na maumivu mawili badala ya moja.

Washauri hawakukosekana. Wa kwanza alikuwa mwenzake wa ofisini, ambaye miaka miwili kabla ya hapo aling'olewa gego la mwisho lake mwenyewe. Gego la huyo lilikuwa limelala ubavu, limemwegemea jirani yake, na nusu yake imefunikwa na kipande cha ufizi. Chakula kiliingia chini ya kipande hicho kikaoza, ufizi ukavimba, na katika mwaka mmoja alishikwa mara tatu na uvimbe uliomzuia hata kufungua kinywa. Aling'olewa kwa kupasuliwa ufizi na kukatwa jino vipande. Jioni ile ile alivuta sigara, ingawa alikatazwa, na siku ya tatu akapatwa na maumivu makubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu donge la damu lililofunika shimo lilikuwa limetoka na mfupa kubaki wazi. Hata hivyo, baada ya majuma mawili alipona kabisa, na tangu hapo hakuugua tena. "Ndugu yangu," alisema, "usipoteze fedha. Ling'oe, usahau. Mimi nilichelewa mwaka mzima, nikajuta."

Mshauri wa pili alikuwa baba yake mdogo, mzee wa miaka 80 na zaidi, aliyekuja kutoka Siaya kutibiwa macho, akakaa Kangemi kwa muda. Mzee huyo alikuwa na pengo kubwa mbele, katika taya la chini, kwa kuwa katika ujana wake aling'olewa meno sita kwa desturi ya Wajaluo wa zamani. Desturi ya kung'oa meno ya mbele ya chini ilijulikana katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki. Wamasai waling'oa mawili, na wengine zaidi au pungufu. Ilikuwa alama ya kabila na ya utu uzima, na tena wazee walieleza kwamba mtu akishikwa na pepopunda, taya likakazana, aliweza kunyweshwa uji au dawa kwa kupitia pengo. Mzee alicheka aliposikia mashaka ya mwana wa ndugu yake. "Mwanangu," alisema, "sisi tuling'olewa meno sita mazima, bila sindano, na ilikuwa aibu kulia. Wewe una moja bovu, nawe unahesabu siku?"

Mkewe hakusema habari ya kung'oa wala ya kuziba. Alisema habari ya Januari. Walikuwa wameweka akiba ya karo ya mtoto wa kwanza, aliyetazamiwa kuingia shule mpya, na akiba hiyo haikuwa na mahali pa kupunguzwa. "Baba watoto," alisema, "fanya lililo jema kwa afya yako, lakini tuambiane bei kabla ya kazi kufanywa."

Basi katika juma la pili, wakati wa mapumziko ya mchana, karani aliingia katika chumba kimoja cha meno, ghorofani, katikati ya mji. Mtu aliyemkuta humo alimtazama kinywani kwa muda usiozidi dakika mbili. "Hili ni gego la mwisho," akanena, "na gego la mwisho halina kazi. Keti, litatoka sasa hivi." Bei yake ilikuwa ndogo, isiyofika hata mshahara wa siku mbili. Karani akauliza kama kuna picha ya eksirei ya kupigwa kwanza. Akajibiwa kwamba kwa jino kama hilo haina haja. Alikuwa amekwisha kuketi katika kiti. Akaondoka kwa kisingizio cha kurudi ofisini, na kwa kweli hakujua mwenyewe kama aliongozwa na busara au na woga.

Siku chache baadaye alikwenda mahali pengine, huko Westlands, penye viti vya ngozi na hewa baridi. Huko alipigwa picha, akaambiwa kwamba jino laweza kuokolewa: litatolewa kiini chake, mifereji ya mizizi isafishwe na kuzibwa, kisha livikwe kofia ngumu. Alipoandikiwa bei, akakuta inakaribia mshahara wake wa miezi miwili. Akashukuru, akaikunja karatasi, akatia mfukoni.

Hapo mashaka yake yaliongezeka badala ya kupungua. Mmoja alisema jino halifai kitu, mwingine alisema lafaa mishahara miwili. Mtu akisimama kati ya maneno mawili yaliyo mbali namna hiyo, kinachomvuta zaidi ni kukaa kimya asifanye lolote. Naye alifanya hivyo kwa majuma mawili mazima. Akala upande wa kushoto, akanywa maji ya vuguvugu, akajiambia kwamba maumivu yamepungua.

Kukaa kimya namna hii kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Jino lililotoboka lina hatua zake. Mwanzo huuma kwa baridi na kwa kitu kitamu, na maumivu huondoka upesi. Hapo kiini cha jino bado kina uhai. Hatua ya pili, maumivu huja yenyewe, hudumu, humwamsha mtu usiku, na kitu cha moto huyazidisha. Hapo kiini kinakufa. Hatua ya tatu jino hunyamaza, na mwenye jino humshukuru Mungu kwamba amepona, kumbe kiini kimekwisha kufa na uozo unateremka kimya kimya mpaka mfupani. Na magego ya chini ya nyuma yana ubaya wao zaidi ya meno mengine, kwa maana mizizi yake i karibu na nafasi zilizo chini ya ulimi na shingoni. Usaha ukipita huko, huweza kuvimbisha koo hata kuziba pumzi. Watu hufa kwa jambo hilo, hata katika miji yenye hospitali kubwa.

Kila asubuhi matatu ya karani ilipita chini ya kilima cha Jumba la Makumbusho la Nairobi. Ndani ya jumba hilo imehifadhiwa mifupa ya kijana mmoja wa kale aliyekufa karibu na Ziwa Turkana, yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kipande cha kwanza kilionwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, huko Nariokotome. Wataalamu walipoichunguza mifupa ile waliona alama ya ugonjwa katika taya, mahali ambapo jino la utotoni lilikuwa limetoka, na baadhi yao wakafikiri kwamba sumu ya kidonda hicho iliingia katika damu na ndiyo iliyomwua. Karani alikuwa amesoma habari hiyo zamani, akapita kilima kile mamia ya mara bila kuikumbuka. Sasa aliikumbuka kila siku, mara mbili, kwenda na kurudi.

Mwishoni mwa juma la nne aliomba ruhusa kazini, akapanda matatu ya njia ya Hurlingham, akaenda Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoko Barabara ya Argwings Kodhek. Chuo hicho kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na katika hospitali yake wanafunzi hutibu watu chini ya macho ya walimu wao. Kazi huenda polepole, na mgonjwa sharti awe na subira. Lakini upole huo una faida, kwa kuwa mwanafunzi hupaswa kumweleza mwalimu sababu ya kila atakalotenda, naye mgonjwa huzisikia.

Mwalimu wa siku ile alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Hakuanza na jino. Alianza na maswali. "Bwana, usiku maumivu hukuamsha?" Karani akajibu kwamba hayamwamshi. "Ukinywa maji baridi, maumivu hukaa muda gani?" Akajibu kwamba akihesabu mpaka kumi huwa yameisha. Mwanafunzi akagusa jino kwa pamba yenye baridi kali, kisha akaligonga taratibu kwa mpini wa chombo, akalitikisa, akapima ufizi unaolizunguka. Ikapigwa picha. Kisha mwalimu akampa karani kioo cha mkononi, akamwambia aume meno na atazame upande wa kulia.

Karani akaona jambo ambalo alikuwa nalo kinywani kwa miaka ishirini bila kulitazama. Mbele ya lile gego la mwisho palikuwa na pengo. Alipokuwa mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya bweni ya misheni, aling'olewa magego mawili ya upande huo alasiri moja, kwa kuwa yalimuuma wakati wa mitihani na hapakuwa na mtu karibu wa kuyaziba. Alifurahi siku ile kwa sababu maumivu yaliisha. Miaka minne baadaye gego la akili lilipotoka, likakuta nafasi mbele yake, likasogea, likasimama wima karibu na mahali pa mmoja wa wale waliotoka. Tangu hapo ndilo lililokutana na gego la juu, na ndilo lililosaga kila tonge la upande wa kulia.

"Bwana," mwalimu akasema, "waliokuambia kwamba halina kazi walitazama jina lake tu. Jino hili limerithi kazi ya wenzake wawili. Likitoka, upande huu hutakuwa na jiwe la kusagia, na magego ya juu, yakikosa kitu cha kuyazuia, yatateremka kidogo kidogo mpaka nayo yalegee."

Kisha akamweleza mambo manne ambayo daktari wa meno hupaswa kuyapima kabla ya kuamua habari ya gego la mwisho lililoharibika. La kwanza ni kazi yake: je, linakutana na jino lingine na kutafuna? La pili ni namna lilivyosimama: je, liko wima, au limelala na kumharibu jirani? La tatu ni mahali pake: je, mkono wa daktari waweza kulifikia na kulikausha wakati wa kuziba, na mswaki wa mwenyewe waweza kulifikia kila siku? Maana jino lililozibwa vizuri lakini lisiloweza kusuguliwa litaoza tena kandokando ya kizibo. La nne ni kiasi cha jino kilichobaki, na kama kiini kina uhai. Gego la mwenzake wa ofisini lilishindwa katika mambo matatu ya kwanza, na kulitoa kulikuwa haki. Gego la karani lilifaulu yote matatu. La nne tu ndilo lililokuwa na shaka.

Akaelezwa pia hatari za kila upande, bila kufichwa. Kung'oa kulikuwa na hatari ndogo, kwa sababu picha ilionyesha kwamba mizizi iko mbali na mfereji wa neva ipitayo ndani ya taya la chini, ambayo hutia hisi katika mdomo na kidevu. Mizizi ikiwa karibu na neva hiyo, mtu huweza kubaki na ganzi mdomoni kwa majuma au miezi, na kwa watu wachache ganzi hiyo haiondoki. Kuziba nako kulikuwa na hatari yake: uozo ulikuwa umekaribia kiini, na huenda kiini kikafa hata baada ya kuzibwa. Hapo ingebidi kusafisha mizizi, kwa gharama kubwa, au kung'oa baada ya fedha kwisha kutumika. "Siwezi kukupa ahadi," mwalimu alisema. "Naweza kukuambia tu kwamba kung'oa kunaweza kungoja mpaka kesho, lakini jino likikwisha kutoka hakuna njia ya kulirudisha."

Malipo ya kuziba hayakuwa madogo kama ya yule wa kwanza, wala makubwa kama ya yule wa pili. Hata hivyo yaligusa akiba ya karo, na karani akaomba apewe siku chache za kushauriana na mkewe.

Usiku ule nyumbani Kangemi waliketi watatu, yeye na mkewe na mzee. Karani akaeleza yote. Mkewe akauliza kama bei imeandikwa. Akaonyeshwa karatasi, akaisoma mara mbili, akanyamaza akipiga hesabu. Karani akamgeukia mzee, akamwuliza, "Baba, siku ile mlipong'olewa, mbona hawakung'oa magego?"

Mzee akamtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini mtu hajengi nyumba juu ya maji. "Magego?" akasema. "Tungekula kwa nini?" Kisha akakaa kimya kidogo, akacheka mwenyewe. Akasema kwamba hata mtu anunuaye ng'ombe humfungua kinywa kwanza, kwa sababu mnyama asiye na meno hukonda katikati ya majani. Baadaye akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyebadili shauri lakini hapendi kusema hivyo, kwamba wazee wa zamani hawakung'oa ovyo; walijua ni meno gani mtu aweza kuishi bila hayo.

Mkewe ndiye aliyemaliza shauri. Alisema kwamba fedha ya karo itapunguzwa kwa kiasi kile, na kwamba kuanzia mwezi ule mpaka Desemba atashona mashuka ya kuuza ili kulijaza pengo hilo la fedha, kwa kuwa mume wake ana miaka mingi ya kula mbele yake kuliko aliyokwisha kula.

Kazi ilifanywa katika juma la tano. Sindano ya ganzi ilichomwa, uozo ukaondolewa kwa uangalifu, na safu nyembamba iliyo juu ya kiini ikaachwa bila kuguswa, ikafunikwa kwa dawa, ili jino lipate nafasi ya kujijengea ukuta kwa ndani. Juu yake kikawekwa kizibo cha muda, kilichochanganywa na mafuta ya karafuu. Karani alipofunga kinywa alisikia ladha ile ile aliyoitafuna katika juma la kwanza. Akaambiwa angoje miezi miwili. Jino likianza kumwamsha usiku, arudi mara moja. Likitulia, litazibwa kizibo cha kudumu.

Miezi miwili hiyo haikuwa myepesi. Usiku mwingi alikuwa macho akisikiliza jino lake, kama mlinzi anayesikiliza mlango. Lakini halikumwamsha. Aliporudi Argwings Kodhek likapimwa tena kwa baridi, likajibu upesi na kunyamaza upesi, ishara kwamba kiini ki hai. Likazibwa kizibo cha kudumu. Mwaka 2025 jino lilikuwa bado limesimama na kufanya kazi, na mwenzake wa ofisini naye alikuwa bado mzima na mwenye furaha bila la kwake. Wote wawili walitenda sawasawa, ingawa mmoja aling'oa na mwingine aliziba.

Jambo hili lina mafundisho kwa kila mwenye kuumwa na gego la nyuma. Yako mengi yanayostahili kung'olewa: yaliyolala na kumharibu jirani, yaliyovimbisha ufizi mara kwa mara, na yaliyooza mahali ambapo hakuna mkono uwezao kufika. Na yako yanayostahili kuachwa. Hata katika nchi ya Uingereza, ambako zamani watu wengi waling'olewa magego mazima ya akili kwa kuhofia ugonjwa wa baadaye, taasisi iitwayo NICE, inayoshauri hospitali za serikali huko, ilitoa shauri mwaka 2000 kwamba gego lisilo na ugonjwa lisitolewe.

Mwenye kwenda kutibiwa na aulize maswali mawili kabla ya kuketi katika kiti. Kwanza, je, anayemtibu ameandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya? Hilo si tusi. Ni haki ya mgonjwa. Pili, jino hili lina kazi gani kinywani mwangu? Mtu asiyeweza kujibu swali hili la pili asipewe koleo. Na yule ambaye jino lake limeng'olewa na aume pamba aliyopewa kwa muda alioambiwa, asisukutue siku ya kwanza, asivute sigara, na kuanzia siku ya pili asukutue polepole kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi.

Lakini ikiwa uvimbe umeteremka chini ya taya, au kinywa hakifunguki, au kumeza mate ni taabu, au homa imepanda, mtu huyo asikae kushauriana na jirani wala mzee. Aende hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Kati ya kuziba na kung'oa mtu aweza kukosea na bado akaishi. Kungoja ndiko kunakoua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na katika mfupa wa taya, ukuta ni kazi ngumu sana kujenga.